Ushanga wa Sita

Karakana ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha nyuma kilikuwa na kabati lenye kufuli. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na dirisha kubwa linalotazama barabara. Dirisha hilo lilileta mwanga, hewa na wateja. Kwa Fundi lilileta pia wivu.

Fundi alikuwa hodari wa magauni. Mke wake, Mama Kidoti, alikuwa hodari wa shanga. Kidoti lilikuwa jina la utani la binti yao, kwa sababu ya doa dogo jeusi alilozaliwa nalo kidevuni. Alikuwa bado mchanga. Alilala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza, na kelele za cherehani ndizo zilizombembeleza.

Kazi ya shanga ilikuwa na utaratibu wake. Kila pambo la ukosi liliandikwa kwa alama kwenye ukanda mrefu wa karatasi ngumu. Alama zilisomwa tatu tatu. Ya kwanza ilitaja rangi ya ushanga. Ya kati ilisema kama ushanga ni laini au una meno: nukta ni laini, mstari ni meno. Ya tatu ilitaja fundo la uzi. Alama tatu, ushanga mmoja. Tatu nyingine, ushanga mwingine. Hivyo hivyo mpaka alama ya kukoma.

Ukanda mkuu haukutoka kabatini hata siku moja. Fundi aliingia chumba cha nyuma, akalaza karatasi nyembamba juu yake, akanakili kila kitu. Kila kitu hasa, pamoja na porojo. Maana mwalimu wake wa ufundi alikuwa na tabia ya kuandika mambo yake katikati ya alama: "Dirisha la kushoto linavuja." "Yule mama wa koti la kijani ana maneno, mmalizie mapema." Nakala ikikamilika, Fundi alizikata porojo kwa mkasi, akaviunganisha vipande vilivyobaki kwa gundi. Ndipo nakala ilipopita mlangoni kwenda kwa mkewe. Mama Kidoti alisoma, akashona.

Kila pambo lilikuwa na kanda mbili. Mmoja Fundi aliupata kwa mwalimu wake. Wa pili Mama Kidoti alikuja nao siku ya ndoa, zawadi ya shangazi yake aliyemfundisha kazi. Oda ikija, nusu ya magauni yalifuata ukanda wa mume, nusu ukanda wa mke.

"Tusigombane," Mama Kidoti alisema mapema kabisa. "Kila mtu atoe chake."

Na kweli hawakugombana. Waligombana baadaye, tena si kwa ajili ya kanda. Waligombana kwa ajili ya Koti Jeupe.

Koti Jeupe alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali iliyokuwa mtaa wa pili. Wateja wote walimwita hivyo, kwa sababu kila alipopita karakana alikuwa na koti la kazi mkononi. Leo kifungo kimetoka. Kesho mfuko umechanika. Fundi alijiuliza huyu mtu anapima damu au anapigana mieleka.

"Shemeji!" Koti Jeupe aliita kutoka dirishani. "Mikono yako haijaota kutu?"

"Bado, shemeji yangu. Koti lako limeota nini leo?"

Wakacheka wote wawili. Neno "shemeji" lilimchoma Fundi kama sindano. Shemeji wa wapi? Nani kamwoa dada ya nani? Angeweza kuuliza, lakini mwenye wivu haulizi. Hukaa pembeni, akajijibu mwenyewe.

Siku moja Fundi aliuona ukanda wake wa ua la ukosi umechakaa. Pembe zimeliwa, wino umefifia. Akaamua kuuandika upya. Alikaa chumba cha nyuma, mlango wazi, ukanda wa zamani kushoto, karatasi mpya kulia. Mkono ulikuwa unaandika, lakini masikio yalikuwa dirishani. Mara kicheko cha mkewe kikapanda. Kalamu ikaruka mkononi. Fundi akasonya, akaendelea kuandika bila kuangalia nyuma. Alipomaliza aliuchana ukanda wa zamani, akafunga mpya kabatini.

Miezi ikapita. Oda zilikuja, magauni yakatoka, hakuna aliyelalamika.

Kidoti alipofika miezi tisa, alianza kulia bila sababu. Asubuhi moja vidole vyake vya mikono na miguu vilikuwa vimevimba. Ukimgusa tu, anapiga yowe. Macho yake yalikuwa na umanjano. Walimkimbiza hospitali. Akatolewa damu. Siku ya majibu, daktari, mama mtu mzima mwenye sauti ya polepole, aliwaketisha.

"Binti yenu ana ugonjwa wa seli mundu," alisema. "Chembe zake nyekundu za damu zinajikunja kama mundu. Zinaziba mishipa midogo, ndiyo maana ana maumivu. Kuponya si rahisi, lakini kumtunza kunawezekana. Atakuja kliniki kila mwezi, na atapata dawa kila siku."

"Ameambukizwa na nani?" Fundi aliuliza.

"Hauambukizwi. Unarithiwa. Mtoto hupokea kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mama tumempima. Ana kasoro upande mmoja tu, kwa hiyo yeye haumwi. Sasa na wewe baba upimwe."

"Mimi?" Fundi alicheka kicheko kikavu. "Daktari, tangu nizaliwe sijameza hata kidonge cha kichwa."

Jioni ile alimpigia simu mama yake, aliyekaa upande wa pili wa mji. Bibi alisikiliza, kisha akasema kwa haraka, "Kwetu hakuna kitu hicho. Muulize mkeo."

Ikawa kama amemwagia moto mafuta. Hesabu ya wivu ni fupi. Ugonjwa unatoka kwa baba na mama. Mimi ni mzima. Kwetu hakuna. Basi baba ni mwingine. Na mwingine huyo, Fundi hakuhitaji kwenda mbali kumtafuta. Alianza kuyatazama masikio ya Kidoti, halafu akikutana na Koti Jeupe anayatazama masikio yake. Asubuhi aliyaona yanafanana. Jioni aliyaona hayafanani. Masikio ni masikio, lakini wivu una miwani yake.

"Kesho twende ukapimwe," Mama Kidoti alimwambia.

"Anayechoma sindano ni nani?"

"Mtu wa maabara."

"Basi siendi. Nimpe damu yangu yule aichezee?"

Alisema hivyo kwa ukali, lakini ukweli ulikuwa mwingine. Fundi aliogopa. Kama karatasi ingesema hana kasoro, mtoto yule anayecheka akimwona, anayemvuta ndevu, anayelala kifuani pake mchana wa joto, angekuwa wa nani? Aliona afadhali asijue. Lakini kutojua nako kulimla.

"Baba Kidoti, sema unachofikiri," mkewe alimwambia.

"Sifikirii kitu."

"Basi mbona unamtazama mwanao kama kitambaa ulichouziwa gizani?"

Fundi akarudi kwenye cherehani yake. Siku ya kliniki ilipofika alisema, "Hospitali ile iache. Nitatafuta nyingine." Hakutafuta. Dawa za Kidoti zikaisha, chupa ikabaki tupu juu ya rafu. Mama Kidoti alimkumbusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alijifunga kitambaa kichwani, akasema, "Wewe tafuta hospitali yako. Mimi kesho nampeleka mwanangu, utake usitake."

Siku hiyohiyo Koti Jeupe alipita. Alisimama dirishani, akalitazama ua la ukosi lililokuwa mkononi mwa Mama Kidoti. "Shemeji, hili ni la ukanda wako. Naona. Lina utulivu fulani." Yalikuwa maneno ya kupita tu. Lakini ndani mlikuwa na oda ya magauni kumi na mawili ya wahudumu wa mapokezi wa hoteli, na Fundi alitoka chumba cha nyuma amevimba.

"Kuanzia leo ni ukanda wangu tu," alisema. "Fumua hilo. Yote kumi na mawili yafuate wangu."

"Siku zote tunagawana nusu kwa nusu."

"Ukanda wangu haujawahi kukosea."

Mama Kidoti alimtazama, akafumua. Alikesha na kazi hiyo, na asubuhi magauni yakachukuliwa.

Saa nne baadaye msimamizi wa mapokezi aliingia na mfuko mkubwa, akaumwaga mezani.

"Fundi, magauni yako yanapendana mno."

"Una maana gani, dada?"

"Wasichana wakiyavaa, hakuna neno. Wanapendeza. Wakiyavua na kuyatundika pamoja, ndipo balaa linapoanza. Kosi zinang'ang'aniana. Ukivuta moja, zinakuja tatu. Uzi umekatika, vitambaa vimejikunja. Yatazame."

Fundi aliinua gauni moja. Likaja la pili limeshikana nalo. Akavuta, shanga mbili zikaanguka sakafuni. Akayatupia yote mawili begani kwa aibu, na aibu yake ikatafuta pa kutokea.

Msimamizi alipoondoka, Fundi alimgeukia mkewe. "Umeona? Hii ndiyo faida ya kushona mawazo yako yakiwa barabarani. Mtu anapita, wewe unacheka, kazi inaharibika!"

"Nilichosoma ndicho nilichoshona."

"Mimi nimeandika vile?"

"Nilichosoma, baba Kidoti, ndicho nilichoshona." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Siku hizi kila kitu kikiharibika ni mimi. Gauni, mimi. Damu ya mtoto, mimi."

Kabla Fundi hajajibu, Kidoti alilia kutoka kapuni. Si kilio cha njaa. Mama Kidoti alimgusa paji la uso. "Anachemka!"

Fundi alimshika mtoto. Kweli alikuwa moto, na mikono imevimba tena. Maneno yote ya hasira yakamtoka kichwani. Alimkumbatia, akatoka mbio. Hakukumbuka kufunga mlango wala kuvaa viatu vizuri, na magauni mawili yaliyoshikana yalikuwa bado begani pake.

Hospitalini daktari hakuwauliza mengi. "Homa kwa mtoto mwenye seli mundu haisubiri," alisema. "Isikae nyumbani hata saa moja." Kidoti alitundikiwa maji, akapewa dawa ya maumivu na ya kuua vijidudu. Muuguzi alitazama kadi yake. "Mbona mwezi huu hakuja?" Mama Kidoti alimtazama mumewe. Fundi aliutazama ukuta.

Kisha akaja mtu wa maabara kuchukua damu. Alikuwa Koti Jeupe, na leo koti lenyewe lilikuwa mwilini. Alimchukua damu Kidoti kwa upole, huku akimpigia mluzi mdogo. Alipomaliza akamtazama Fundi.

"Kaka, pole. Hayo magauni begani unampelekea nani?"

Fundi akayashusha kwa aibu. Koti Jeupe alijaribu kuyatenganisha, yakakataa. Akayageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kosi kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika.

"Ajabu," alisema. "Kaka, kila siku natafuta namna ya kuwaeleza watu ugonjwa huu, nashindwa. Kumbe mmeushona."

"Nini?"

"Kaa. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno, zinaitwa seli. Seli iko kama karakana yako. Ina chumba cha ndani, tunakiita kiini. Humo ndimo kuna kabati."

"Kabati lina nini?" Mama Kidoti aliuliza.

"Kanda kuu. Jina lake DNA. Zimeandikwa kwa herufi nne tu, lakini ni ndefu ajabu. Zinaeleza jinsi ya kutengeneza kila protini ya mwili. Protini ni nyingi. Nyingine inajenga misuli, nyingine ngozi, na nyingine, iitwayo himoglobini, inabeba hewa safi ndani ya damu. Ukanda mkuu hautoki kabatini. Seli inapotaka protini inafanya nini?"

Fundi alijikuta anajibu. "Inanakili."

"Umesema. Inatoa nakala, tunaiita RNA. Na nakala ya kwanza ina porojo ndani yake."

"Kama za mwalimu wangu?"

"Sijui za mwalimu wako, lakini ina vipande ambavyo havihitajiki kwa kazi hiyo. Seli inavikata, inaunganisha vilivyobaki. Ndipo nakala inatoka nje ya kiini kwenda chumba cha mbele. Huko kuna mshonaji, tunamwita ribosomu. Anasoma herufi..."

"Tatu tatu," Mama Kidoti alimalizia. Macho yake yalikuwa yamefunguka.

"Tatu tatu, shemeji. Kila herufi tatu zinaita kitu kimoja, kama ushanga mmoja. Kuna wachukuzi wadogo wanaoleta, kila mmoja na ushanga wake. Mshonaji anaunganisha mpaka afike herufi tatu za kukoma. Uzi wa shanga unajikunja, unapata umbo lake. Hiyo ndiyo protini. Sasa shemeji, hebu nihesabie shanga kwenye ukosi huu. Niambie wapi unashika."

Mama Kidoti alipitisha kidole. "Moja, mbili, tatu, nne, tano..." Akasimama. "Hapa. Wa sita una meno. Ndio unaoshika gauni la jirani."

"Wa sita!" Koti Jeupe alipiga goti lake. "Katika himoglobini kuna uzi mmoja ambao ushanga wake wa sita hubadilika kwa watu wenye seli mundu. Herufi moja tu imebadilika kwenye ukanda mkuu. Herufi ya kati ya tatu zile. Nakala inafuata kosa, mshonaji anafuata nakala. Himoglobini ikibeba hewa, inatulia. Ikishaishusha, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Chembe ya damu inajikunja, inaziba njia."

"Kwa hiyo mshonaji hana kosa," Mama Kidoti alisema. Hakumtazama mumewe.

"Hana hata kidogo. Ameshona alichosoma."

Mama Kidoti alifungua mkoba wake, akatoa karatasi nyembamba iliyokunjwa. "Nilijua utaniuliza tena, baba Kidoti. Nikaichukua. Soma wewe."

Ilikuwa nakala ambayo Fundi mwenyewe aliinakili kabatini. Fundi alisoma kwa kidole. Ushanga wa sita: nyeupe, mstari, fundo moja. Mstari. Akaisoma tena. Mwalimu wake alimfanya alikariri ua lile mpaka akawa analitaja usingizini, na wa sita ulikuwa nukta. Laini. Akajikumbuka alivyokaa chumba cha nyuma, sikio dirishani. Akakumbuka kicheko na kalamu iliyoruka. Nyani haoni kundule. Alikuwa amemlaumu mkewe kwa mstari alioupiga kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa sababu ya kumchunguza yeye.

"Ni mimi," alisema. "Niliandika vibaya."

Matone ya dripu yalikuwa yanashuka.

"Lakini," Fundi alisema, "mbona oda za nyuma hazikushikana? Kosa lilikuwepo tangu nilipouandika upya."

"Mlikuwa mnashonaje?"

"Nusu kwa ukanda wangu, nusu kwa wake."

"Hapo unajijibu."

Mama Kidoti alielewa kwanza. "Kati ya zenye meno zilikuwepo laini. Meno hayashiki palipo laini, basi hazikupata nafasi ya kushikana."

"Na kila mtu ana kanda mbili za himoglobini," Koti Jeupe alisema. "Mmoja wa baba, mmoja wa mama. Shemeji ana mmoja wenye kosa na mmoja mzima. Kwa hiyo yuko salama, angeweza kuzeeka bila kujua. Kidoti amepokea zenye kosa pande zote mbili. Ni kama oda yenu ya leo. Mtu anaweza kuwa mzima kama chuma, hajawahi kumeza kidonge, na kabatini mwake mna ukanda mmoja wenye kosa."

Fundi aliushika mkono wa shati lake, akaupandisha mpaka juu ya kiwiko.

"Nichome," alisema.

"Subiri, kaka. Nikuambie kabla. Kipimo hiki hakimtafuti baba wa mtoto. Kinaeleza ugonjwa tu. Kama kuna kitu kingine unakitafuta, hakimo kwenye kichupa changu."

Fundi alihisi masikio yanawaka. "Nani kakwambia natafuta kitu?"

"Kaka, mwezi mzima unaniangalia masikio."

Mama Kidoti, pamoja na machungu yote, alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha dirishani. Mara hii Fundi alikisikia vizuri. Hakikuwa na siri yoyote. Kilikuwa kicheko cha mtu anayependa kucheka, na alikuwa amekipenda kabla hajamwoa.

Kesho yake homa ya Kidoti ilishuka. Daktari alileta karatasi ya majibu. Fundi alikuwa na kasoro upande mmoja, sawasawa na mkewe.

"Hilo si kosa la mtu," daktari alisema. "Hukuiandika wewe. Umeipokea kwa mzazi, naye kwa mzazi wake. Lakini sasa mnajua. Kila mimba itakayokuja, kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mkitaka mtoto mwingine, njooni tuzungumze kwanza."

Saa ya kuwaona wagonjwa Bibi aliingia na chupa ya uji. Aliketi kwa kishindo. "Nimesema kwetu hakuna kitu hicho," alianza, kabla hata ya salamu.

Fundi alimpa karatasi. Bibi hakujua kusoma, lakini alimsoma mwanawe usoni.

"Mama," Fundi alisema. "Nina ukanda wenye kosa. Umetoka kwako au kwa baba."

Bibi aliitazama mikono ya Kidoti iliyofungwa bandeji. Akaishika kwa vidole viwili, taratibu.

"Vilivimba hivi hivi," alisema.

"Vya nani?"

"Kabla yako alikuwepo kaka yako. Vidole vyake vilivimba hivi hivi, macho hivi hivi. Watu wakasema kwao hakuna, kwetu hakuna. Baba yako akaniuliza, huyu mtoto ni wa nani?" Bibi alijifuta pua kwa kanga. "Toka siku ile hakumbeba. Kaka yako aliishi miaka miwili. Alikuwa akimwona baba yake anaingia, ananyoosha mikono. Baba yako anapita. Amekufa mikono yake haijapokewa. Ulipozaliwa wewe mzima, tukakubaliana tusimtaje. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua. Nimeumbuka."

Kisha akamgeukia mkwewe. "Nilikutupia wewe mzigo nilioujua uzito wake. Nisamehe, mwanangu."

Mama Kidoti alimshika bega, wakalia pamoja. Fundi hakulia. Kidoti alikuwa ameamka. Alimwona baba yake, akanyoosha mikono yake miwili yenye bandeji. Fundi akaipokea upesi, kama mtu anayedaka kitu kinachoanguka, akamweka kifuani na hakumshusha mpaka saa ya kuwaona wagonjwa ikaisha na muuguzi akamfukuza.

Waliporudi nyumbani, Fundi alifungua kabati. Aliuchukua ukanda wake, akaufuta ule mstari kwa wembe, akaweka nukta. Kazi ya dakika moja. Alisimama pale muda mrefu baadaye, maana alijua kabati la Kidoti halina wembe wa namna hiyo, angalau si katika hospitali yao. Lakini dawa zilikuwepo. Juu ya mlango wa kabati alibandika kadi ya kliniki, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: dawa kila siku, maji mengi, asipate baridi, chanjo zote, homa ni hospitali saa hiyohiyo. Tangu siku hiyo hajakosa tarehe hata moja. Kidoti huumwa mara chache, na siku nyingine zote ni mtundu kuliko watoto wote wa mtaa. Amejifunza kutembea kwa kushikilia mguu wa meza ya kukatia, na ameshameza vifungo viwili.

Mama Kidoti hakusamehe kwa siku moja. Alipika, alishona, alijibu akiulizwa. Nafasi ya mazungumzo ilibaki tupu kwa wiki kadhaa. Fundi aliistahili, na alijua.

Kisha hoteli ikarudi na oda yake. Magauni kumi na mawili yashonwe upya. Fundi alitoa nakala mbili, ya ukanda wake na ya ukanda wa mkewe, akakata porojo, akapita nazo mlangoni. Lakini mara hii hakurudi chumba cha nyuma. Alivuta kiti, akakaa kando ya mkewe, mgongo ukiwa dirishani.

"Nikusomee?" aliuliza.

Mama Kidoti alitunga uzi bila kumtazama. "Soma."

Akaanza na nakala ya ukanda wake. Alisoma polepole, tatu tatu, naye akashona. Nje mtu alipita, akasimama. "Shemeji! Koti limechanika tena!" Wivu wa Fundi ulinyanyua kichwa, maana haukuwa umekufa, ulikuwa umelala tu. Alisikia masikio yake yanataka kugeuka. Akaweka kidole kwenye karatasi asipoteze mahali.

"Ingia ndani, shemeji," alisema bila kugeuka. "Kaa. Tukifika mwisho wa uzi nitakushonea."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia neno lile. Mkewe alilisikia. Sindano ikasimama hewani.

"Endelea," alisema. "Tumefika wa sita."

"Nyeupe," Fundi alisoma. "Laini. Fundo moja."

Mama Kidoti alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akachukua ushanga mweupe, laini, akaupitisha kwenye uzi.